Uzio wa sitara uani: jinsi ya kuujenga Tabora usiliwe miguu na mchwa

Chukua kisu, nenda kwenye uzio wowote wa fito uliokwisha kupitiwa na masika mawili, ukichomeke kwenye nguzo pale inapoingia ardhini. Kiunoni mti bado mgumu, lakini usawa wa udongo kisu kinazama kama kwenye mkate. Uzio wa Tabora hufia hapo. Upepo wa mvua za kwanza ukija mwezi wa kumi na moja na kuulaza, watu husema umeangushwa na upepo, kumbe mchwa walishamaliza kazi na upepo umesukuma tu kilichobaki.

Kwa sababu hiyo, katika maelezo haya fedha na jasho vinaenda kwenye miguu kuliko kwenye sura. Kanuni ni moja: mbao isiguse udongo mahali popote. Kinachoingia ardhini ni kisiki cha zege, na nguzo ya mbao inafungwa ubavuni mwa kisiki kwa bolti, juu ya ardhi. Gharama ya kuanzia inapanda kuliko ya kuchimbia fito, lakini huchimbui tena kila baada ya miaka miwili, wala hukati miti michanga ya miombo kila mara kuziba mapengo.

Vipimo vya hapa ni vya uzio wa mita 28.8, kimo cha mita 1.9 hivi. Mita 28.8 ina sababu yake. Mbao nyingi madukani zina urefu wa futi 12, yaani kama mita 3.6. Ukiweka nguzo kila mita 1.8, mbao moja inavuka nafasi mbili kamili na hupotezi kipande. Nafasi 16, nguzo 17.

Mpaka na udongo

Tafuta bikoni kwanza, yaani zile alama za mpaka wa kiwanja. Kama hazionekani, usikisie kwa kuangalia mti wa mwembe wa zamani. Mwite mtu wa ardhi kutoka manispaa, na siku ya kuvuta kamba jirani awepo, mwenyekiti wa mtaa naye awepo. Uzio uweke ndani ya mpaka wako kwa sentimita 30 au zaidi, ili nguzo, zege na kazi ya kukarabati visiingie kwa mwenzio.

Kisha chimba shimo dogo la kina cha goti, chukua udongo wa chini, uloweshe na kuufinyanga. Ukivunjika na kumwagika vidoleni, una udongo wa kichanga, ule Wanyamwezi na Wasukuma wanaouita luseni. Ukiviringika kama mjusi mrefu bila kukatika, na una rangi nyeusi, uko kwenye mbuga. Sehemu hizi mbili hazijengwi kwa namna moja. Luseni ni rahisi kuchimba lakini haushikilii kitu. Nguzo ikitikiswa, tundu linapanuka. Mbuga hukauka ikapasuka nyufa za kuingia mkono, halafu mvua ikinyesha inavimba na kukamata chochote kilichomo na kukisukuma juu. Nguzo iliyokuwa wima mwezi wa tisa inaweza kuwa imeinuka na kuinama kufikia mwezi wa pili bila mtu kuigusa.

Wakati mzuri wa kazi ni kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mvua zimekatika, mbuga bado ina unyevu kidogo wa kukubali sululu, na mbao zina muda wa kukauka. Ukingoja mwezi wa kumi, mbuga itakuwa jiwe na fundi wote watakuwa juu ya mapaa.

Visiki vya zege

Kwenye luseni kisiki kiwe na urefu wa sentimita 110 na unene wa 12 kwa 12. Sentimita 70 zinaingia ardhini, 40 zinabaki juu. Kwenye mbuga tengeneza cha sentimita 140, ili 100 ziingie chini, zipite ule udongo wa juu unaocheza zaidi.

Kila kisiki cha sentimita 110 kina nondo nne za milimita 8, zenye urefu wa mita 1.05. Nondo moja ya mita 12 inatoa vipande 11, kwa hiyo vipande 68 vinahitaji nondo 7. Zifunge kwa ringi za milimita 6 kila sentimita 20, ringi sita kwa kisiki. Jumla ni kama mita 37 za nondo hiyo nyembamba. Ringi iwe na upana wa sentimita 7, ili kila upande zege lifunike chuma kwa sentimita 2 na nusu. Hapa mafundi wengi huharibu: wanalaza nondo kwenye sakafu ya boksi la kumwagia zege bila kuziinua. Chuma kinabaki karibu na ngozi ya zege, kinashika kutu, kutu inavimba, na baada ya miaka michache kisiki kinapasuka kwa urefu. Weka vijiwe bapa chini ya nondo kabla ya kumwaga.

Boksi tengeneza kwa mbao laini, ndani upake oili kidogo ili zege lisinate kwenye mbao. Kabla ya kumwaga, pitisha vipande viwili vya bomba la plastiki la waya za umeme, milimita 20, kimoja sentimita 10 kutoka juu na kingine sentimita 25 kutoka juu. Hayo ndiyo matundu ya bolti. Kujaribu kutoboa zege baadaye ni kuvunja kisiki na tindo kwa pamoja.

Zege liwe ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto ndogo. Mchanga wa mtoni wenye udongo uoshe au uuache: ukisugua kiganjani na ukaacha tope, haufai. Maji yawe kidogo; zege liwe zito la kushindiliwa kwa kipande cha nondo, lisiwe uji. Fungua boksi baada ya siku mbili, funika visiki kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba. Jua la Tabora la kiangazi hukausha zege juu kabla halijapata nguvu ndani, na kisiki kilichokaushwa hivyo utakitambua ukikikwaruza kwa msumari: kinatoa unga. Usivibebe kabla ya siku 14.

Kusimika

Simika visiki viwili vya pembeni kwanza, vuta kamba mbili kati yao, moja chini na moja usawa wa vichwa. Matundu ya bolti yaelekee sambamba na kamba, ili nguzo ikae ubavuni mwa kisiki, uso wake wa nchi 2 ukitazama nje na upana wa nchi 4 ukielekea kule upepo unakosukuma. Ukivigeuza, nguzo itapinda kama fimbo.

Kwenye luseni, chimba mashimo ya upana wa sentimita 30 na kina cha 70. Shindilia sakafu ya shimo, simamisha kisiki, pima kwa timazi pande mbili, jaza zege la moja kwa tatu kwa sita. Uso wa zege umalizie juu kidogo ya ardhi, umeinama kuelekea nje, maji yasisimame. Visiki vyenyewe vinakula mifuko miwili ya saruji, kujaza mashimo mifuko mitatu, nunua sita. Kokoto toroli 16 na mchanga toroli 8 zinatosha kazi yote.

Kwenye mbuga usijaze zege hadi juu. Panua kitako cha shimo, jaza zege sentimita 40 za chini tu, na sehemu iliyobaki zungushia mchanga mkavu. Udongo ukivimba, utasukuma mchanga badala ya kunyanyua kisiki. Juu kabisa funika kwa changarawe. Hesabu ya nondo na saruji hapa inaongezeka kwa sababu visiki ni virefu.

Mbao

Nguzo ni 2 kwa 4. Mbao ya futi 12 ikikatwa katikati inatoa nguzo mbili za mita 1.8, hivyo nunua tisa. Mninga ni bora kuliko yote, lakini ni ule moyo wake wa kahawia tu. Ule ukingo mweupe unaliwa kama mti mwingine wowote, na muuza mbao hatakwambia. Geuza kila mbao utazame pembe zake. Mbao za msindano bila dawa usiweke hata kidogo. Zilizotiwa dawa kiwandani zinafaa, ila ukizikata, paka dawa ya mbao kwenye sehemu iliyokatwa, kwa sababu dawa ya kiwandani haifiki mpaka ndani kila mara. Vipande vilivyobaki vya mbao zenye dawa usipikie wala usiviwashe moto. Na mbao zote ziwe na risiti halali. Zikikamatwa njiani bila kibali, umepoteza mzigo.

Mwanzo wa nguzo uwe sentimita 8 juu ya ardhi. Toboa kwa drili, pitisha bolti za milimita 12 zenye urefu wa nchi 8, mbili kwa kila nguzo, jumla 34, kila moja na washa mbili pana. Usizikaze hadi mwisho siku ya kwanza.

Mbao za kulala ni 2 kwa 3, mistari mitatu, mbao 8 kwa mstari: jumla 24. Mstari wa chini uwe sentimita 25 kutoka ardhini, wa juu sentimita 20 chini ya ncha, wa tatu katikati. Mstari wa katikati uanze na nusu mbao, ili viungo vyake visiangukie nguzo zilezile za juu na chini. Nguzo yenye kiungo ina uso wa nchi 2 tu, haitoshi ncha mbili. Gongelea ubavuni mwake kipande cha 2 kwa 4 cha sentimita 20 kupanua pa kuegemea. Misumari ya nchi 5, kilo tatu. Mbao ngumu itoboe kwanza kwa tundu jembamba, la sivyo itapasuka ncha.

Ukuta wenyewe ni mabanzi, yale maganda ya pembeni ya gogo yanayobaki likipasuliwa mbao. Hupatikana kwenye mashine za kupasua mbao, na bei yake hailingani na ya mbao safi. Chagua ya futi 12, ukate katikati. Yenye upana wa sentimita 15 kwa wastani, yakiachiwa nafasi ya sentimita moja na nusu, ni vipande 175. Nunua mabanzi 95 pamoja na ya akiba. Ondoa magamba yote. Chini ya gamba ndipo fukusi wanapotaga na unyevu unapojificha. Ukiona unga mweupe ukidondoka kwenye banzi, lirudishe. Yapange kivulini, vijiti katikati, wiki nne hadi sita. Banzi bichi likigongelewa leo litajikunja, litang'oa msumari, na nafasi ya sentimita moja na nusu itakuwa tatu, na sitara imekwisha.

Ile nafasi usiizibe kabisa. Inapitisha upepo, na mtu anayepita njiani haoni kitu kwa sababu hasimami kuchungulia. Mabati yanaziba vizuri zaidi, lakini yanabeba upepo wote, yanapiga kelele usiku na kuchoma bustani iliyo karibu. Gongelea kila banzi kwa misumari miwili kwenye kila mstari, ya nchi 2 na nusu, kilo sita. Mwisho wa banzi uwe sentimita 10 juu ya ardhi. Kuku wakipita, panga mstari wa tofali za kuchoma pale chini, zisiguse mbao, na uache matundu ya maji. Kwenye mteremko wa luseni, maji yaliyozibwa huchimba shimo chini ya uzio kwa mvua moja.

Geti ni kazi ya kisiki kinene cha 15 kwa 15 pande zote mbili. Usilining'inize kwenye nguzo ya kawaida.

Mchwa

Oili chafu inapakwa sana, na inasaidia kwa muda, lakini mvua huishusha udongoni. Kama kisima kiko karibu, usiitumie. Dawa ya mchwa nunua yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, usinunue ya chupa ya soda.

Kinga kubwa ni macho. Mchwa hawapandi zege wazi bila kujenga kijia cha udongo, na sehemu ya kisiki isiyofichwa ndiyo inayokuonyesha kijia hicho. Fyeka majani, usilundike kuni wala matofali pale. Kila mwezi wa mvua pita na fimbo. Ukikuta mstari wa udongo mwembamba kama kidole ukipanda kisikini, uvunje na uache. Baada ya siku mbili urudi: ukiwa umejengwa upya na ndani kuna wadudu weupe, weka dawa kwenye udongo unaozunguka kisiki hicho, kwa kipimo cha lebo.

Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, rudi na spana. Mbao zitakuwa zimejaa maji na kujikaza upya. Ndipo ukaze bolti zote hadi mwisho, na urudie tena kiangazi kinachofuata zikishasinyaa.