Kupiga kambi ufukweni msimu mzima wa baridi: bamvu, mchanga na chumvi

Hema la usiku mmoja linasimama popote penye mchanga mkavu. La kukaa Desemba hadi Machi, yaani msimu wa baridi wa nchi za kaskazini, linataka hesabu nyingine, maana bahari itabadilika ukiwa hapo hapo, na vifaa vilivyotengenezwa kwa wikiendi vitakaa juani na kwenye chumvi miezi mitatu.

Anza na kalenda ya dhoruba. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki humalizika Novemba 30, kwa hiyo Karibi na Meksiko huwa shwari ukifika mwezi unaofuata. Kusini mwa Bahari ya Hindi mambo ni kinyume: vimbunga huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Nchini Thailand, pwani ya magharibi huwa kavu miezi hiyo, ilhali ya mashariki inaweza kunyeshewa sana mwezi Desemba. Hesabu pia siku za viza yako. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa mfano, humruhusu mgeni wa muda mfupi siku 90 ndani ya kila siku 180. Fukwe nyingi zimepigwa marufuku kulala, hivyo tafuta eneo rasmi la kambi au ruhusa ya mwenye ardhi, na iwe ya maandishi.

Mahali pa hema

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku katika pwani nyingi, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Bamvu, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kati yake ni maji mafu, ambayo hayafiki mbali. Watu wengi hufika wakati wa maji mafu, wakaona mchanga mpana mkavu, wakajenga, na wiki moja baadaye wanaamka magodoro yanaelea.

Hata bamvu moja halitoshi kukuonyesha mpaka. Bamvu kubwa kuliko yote kwa kawaida huwa karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Aliyepima Desemba anashangazwa Machi, akiwa ameshajisahau. Kwa hiyo usiufuate mstari wa mwani mbichi. Panda juu zaidi, utafute mstari wa zamani wenye vijiti vilivyopauka na plastiki kuukuu, kisha panda tena hadi penye majani ya kudumu na vichaka. Hema likae nyuma ya hapo. Bahari ya Mediterania na Karibi, sehemu nyingi maji hayapandi hata nusu mita. Huko kinachokufikia ni mawimbi ya dhoruba, lakini kanuni ya vichaka ni ile ile.

Epuka chini ya minazi yenye nazi, na mdomo wa kijito hata kama umekauka. Karibi na Florida kuna mti wa manchineel, wenye matunda madogo ya kijani yanayofanana na tufaha. Utomvu wake huunguza ngozi, na mvua inayochuruzika kwenye majani yake hubeba sumu hiyo hiyo. Usijikinge chini yake wala usiuchome.

Kufunga hema kwenye mchanga

Kigingi cha kawaida hakishiki. Upepo hutikisa kamba, kigingi hucheza ndani ya tundu, na mchanga mkavu unaingia chini yake na kukisukuma juu kidogo kidogo hadi kitoke. Zika uzito badala yake:

1. Jaza kiroba mchanga lita 10 hivi, sawa na kilo 15. Kukosa kiroba, tumia kipande cha mti chenye urefu wa sentimita 40.
2. Funga kamba katikati, si kwenye ncha.
3. Chimba shimo la sentimita 40 hadi 50, ulaze kiroba kikikingama na kamba.
4. Chonga mfereji mwembamba ili kamba itoke kwa mlazo. Ikitoka wima inaking'oa.
5. Fukia, mwagia ndoo ya maji, kanyaga, fukia tena.

Mchana upepo hutoka baharini, mkali zaidi alasiri, na usiku hugeuka kutoka nchi kavu. Ukielekeza mlango baharini kwa ajili ya mandhari, kila alasiri utalala na mchanga. Uelekeze sambamba na ufuo.

Juu ya hema tandaza turubai, ukiacha nafasi ya sentimita 30 ya hewa. Nailoni huoza juani: baada ya miezi michache inachanika kama karatasi. Poliesta inavumilia zaidi.

Chumvi

Zipu ndiyo hufa kwanza. Weka beseni la maji mlangoni la kunawia miguu, suuza zipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, ikikauka ipake nta ya mshumaa. Zipu ikipita bila kufunga huku meno yote yapo, kosa liko kwenye kitelezi: kimepanuka. Kibane taratibu kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili. Vyuma vya hema vya alumini vitenganishe kila wiki mbili uvifute, la sivyo viungo huganda. Vikiganda, mwagia maji ya uvuguvugu na uzungushe. Ukivuta kwa nguvu utakata kamba ya ndani.

Maji na mwili

Panga lita 5 za kunywa na kupikia kwa mtu kwa siku, na 10 ukijumlisha kujisuuza. Kisima cha karibu na bahari kikichotwa sana huingiwa na chumvi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji mengine yasiyo safi yachemshe dakika moja, au tia matone 2 ya klorini ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato, kwa lita, usubiri dakika 30.

Usubi, vijidudu vidogo vinavyouma, hupita kwenye neti ya kawaida, hivyo nunua yenye matundu madogo zaidi. Huchachamaa alfajiri na magharibi upepo unapotulia. Lala juu ya mkeka, kwani mchanga wanakopita mbwa na paka huwa na mabuu ya minyoo ya safura yanayochimba ngozi. Ukiingia majini buruta miguu ili taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, wakukimbie. Ukichomwa na taa, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali.

Makaa usiyafukie: mchanga huyahifadhi joto kwa saa nyingi, na mtoto akikanyaga anaungua. Yazime kwa maji. Usipike kamwe ndani ya hema.

Siku ya kwanza kabisa tembea kwa miguu hadi mahali pa juu, upime dakika. Tsunami ya Desemba 26, 2004 iliwakuta wageni wengi katika msimu huu huu. Ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla, panda mara moja bila kukusanya mizigo, na usirudi mpaka mamlaka ziseme.

Ukiondoka, fukua viroba vyote, suuza hema na ulianike hadi mishono ikauke kabisa. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, na hema lililokunjwa hivyo huota ukungu kabla hujafika nyumbani.