Somo: Ndugu yako akichukuliwa na watu wenye silaha, anza kumtafuta usiku huohuo

Naandika kwa ajili ya yule aliyeshika simu sasa hivi, anapiga namba ileile na haipatikani. Kaka yangu alichukuliwa kwenye steji ya matatu saa moja jioni, na sisi tukapoteza siku mbili nzima kwa sababu askari wa zamu alituambia, "Rudini baada ya saa ishirini na nne." Hakuna sheria hiyo. Saa 24 zimo kwenye Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, lakini zinambana aliyekamata: amfikishe mtu mahakamani kabla hazijaisha, au siku inayofuata ya kazi kama mahakama imefungwa. Wewe hujaambiwa popote ungoje.

Hatua ya kwanza: daftari. Kabla ya kituo, kabla ya wakili. Andika saa, mahali, nguo alizovaa hadi viatu, walikuwa wangapi, walizungumza lugha gani, gari la rangi gani, na namba yake hata kama mtu ameshika tarakimu mbili tu. Zungumza na mashahidi usiku huo. Mama mboga aliyeona leo, kesho ataogopa, na simlaumu. Duka lenye kamera liombe likuhifadhie picha haraka, maana kamera nyingi hufuta za zamani zenyewe. Kisha tafuta boksi la simu yake: ubavuni pana namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na wachunguzi wataihitaji. La kaka yangu tulilikuta chini ya kitanda, mama alikuwa akiwekea vifungo na nyuzi.

Hatua ya pili: kituo cha polisi. Nendeni wawili. Simulia kwamba amechukuliwa na watu wenye silaha, usikubali iandikwe "ametoroka nyumbani." Usiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, na uombe usomewe kilichoandikwa. Sisi tulipewa namba kwenye kipande cha gazeti. Tuliporudi, ilikuwa ya mtu aliyeibiwa baiskeli. Baada ya hapo zungukia vituo vingine, na kila unapoambiwa "hayupo" andika saa na namba ya askari aliyekujibu.

Hatua ya tatu: Mahakama Kuu, Milimani, hapa Nairobi. Wakili anapeleka ombi liitwalo habeas corpus, linaloitaka serikali imlete mtu mbele ya jaji au ieleze yuko wapi. Limo kwenye kifungu cha 51, na kifungu cha 25 kinasema haki hii haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kama huna pesa, jaribu shirika la Kituo cha Sheria, Chama cha Mawakili au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mwingine ashtaki kwa niaba ya asiyeweza, kwa hiyo hata jirani anaweza kusimama. Mwombe wakili aangalie pia masjala ya mahakama ya Kahawa, inayosikiliza kesi za ugaidi. Pengine kuna amri ya kumzuilia ambayo hamkuambiwa.

Nikuambie ukweli: serikali mara nyingi hujibu "hatunaye," na jaji atakuuliza una ushahidi gani kwamba wanaye. Hapo ndipo lile daftari linapogeuka hati ya kiapo. Vijana kadhaa waliotekwa Desemba 2024 waliachiliwa tarehe 6 Januari 2025, kesi zikiwa bado mahakamani.

Hatua ya nne: mochari. Najua hutaki kusoma sehemu hii. Isome. Anza na City Mortuary, kisha hospitali za Kenyatta na Mama Lucy, halafu utoke nje ya jiji: Thika, Machakos, Naivasha. Januari 2022 miili iliyoopolewa Mto Yala kule Siaya ilitufundisha sote kwamba umbali si hoja. Na wale waliochukuliwa Mlolongo, kaunti ya Machakos, Desemba 2024, mwili wa mmoja wao ulikuwa umekaa zaidi ya mwezi katika mochari ya hapa Nairobi kabla ya kutambuliwa. Kwa hiyo kwenda mara moja hakutoshi. Uliza daftari la wasiojulikana tangu tarehe aliyochukuliwa, na udai alama za vidole zichukuliwe. Usimpeleke mama. Mimi nilikuwa natazama miguu tu: kaka yangu, kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya jirani yake.

Maswali ya wanachama

*Dada, kuna mtu amenipigia anataka elfu thelathini ndio wamwachilie mwanangu. Nitume?*

Usitume, mama. Muulize jambo ambalo mwanao pekee analijua, jina la mbwa wenu wa zamani, kwa mfano. Namba yake na saa aliyopiga mpe wakili. Walitupigia watatu, na hakuna aliyejibu swali hilo.

*Waliomchukua mume wangu walivaa magwanda ya jeshi. IPOA wamesema si kazi yao.*

Ni kweli, IPOA husimamia polisi pekee. Peleka kwa Tume ya Haki za Binadamu, na kwenye ombi la mahakama washtakiwe pia Mkuu wa Majeshi na Waziri wa Ulinzi. Eleza bereti, nembo, viatu na bunduki, maana gwanda peke yake halithibitishi mtu ni mwanajeshi. Familia za Mlima Elgon, ambako jeshi lilipelekwa Machi 2008, zinaijua njia hii kwa uchungu. Kundi la Umoja wa Mataifa la watu waliotoweshwa, Geneva, hupokea barua za familia bila malipo. Ikiwa haijapita miezi mitatu, lina utaratibu wa dharura.

*Ni mwaka wa tatu. Wakwe wanataka tufanye matanga, na shamba liko kwa jina lake. Nifanyeje?*

Dadangu, Sheria ya Ushahidi, sehemu ya 118A, inaruhusu mahakama kumhesabu mtu amefariki kama walio wake hawajasikia habari zake kwa miaka 7. Matanga ni ya nyumbani kwenu, hayana uzito mahakamani. Kwetu mama alikataa na wazee wakanyamaza. Kwa sasa weka pamoja nakala ya kitambulisho chake, namba ya OB, cheti cha ndoa na barua zote ulizoandika. Mpe mtu mwingine unayemwamini nakala za pili.