Risasi za +P: kagua hivi kabla ya kujaza bastola

Wengi wanaoniletea bastola hudhani risasi ikishaingia kwenye chemba, basi ndiyo yake. Kumbe +P ina umbo na vipimo vilevile vya risasi ya kawaida. Kilichozidi ni presha ya gesi baruti inapowaka. Bastola haitaikataa. Wa kuikataa ni wewe.

Hatua ya 1: Soma kitako cha ganda. Kaliba imechapwa pale, na alama ya +P huwa pembeni yake. Boksi peke yake lisikudanganye, watu huchanganya masalio.

Hatua ya 2: Jua imezidi kiasi gani. Kwa viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, .38 Special mwisho wake ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Ya +P ni 20,000. 9mm Luger hutoka 35,000 hadi 38,500. Ukikuta +P+, yenye presha kuliko hata +P, SAAMI haijaiwekea kikomo, kila kiwanda kina chake. Mimi huiacha.

Hatua ya 3: Soma maandishi ya kwenye mtutu, kisha kitabu cha bastola. Mtengenezaji asipotamka kwamba inahimili +P, chukulia haihimili, hasa rivolva kuukuu ya .38. Rivolva nzima ya .357 Magnum huimudu .38 Special +P, maana yenyewe imeundwa kwa 35,000. Ukigeuza, haiwezekani: ganda la .357 lilirefushwa zaidi ya milimita 3 kusudi lisiingie kwenye .38. Kinga ya namna hiyo +P haina.

Hatua ya 4: Anza na chache. Vaa miwani na vizibo vya masikio. Piga mbili tatu, toa zote, chunguza maganda: praima (kidude cha kuwasha baruti katikati ya kitako) iliyobanwa ikawa bapa, ganda lililovimba karibu na kitako, au linalong'ang'ania kwenye silinda mpaka ulisukume kwa nguvu. Ukiona hata moja, acha. Lakini maganda safi si cheti, kwenye .38 dalili huchelewa mno, presha imeshapita kikomo zamani.

Teke la bastola nalo huongezeka, na springi huchoka mapema. Kwa mazoezi natumia za kawaida.

Ikilia kwa sauti hafifu, usipige nyingine: huenda kichwa cha risasi kimekwama mtutuni. Elekeza mtutu mahali salama, subiri kidogo, toa risasi zote, ndipo uchungulie kutokea upande wa chemba. Kimekwama? Mpelekee fundi hivyo hivyo, bila kuchokonoa.