Ugoko ukiuma, hamia majini

Wakimbiaji wenzangu mnaojiandaa na Kili Marathon, zile mbio za Moshi, ugoko ukianza kuuma msilazimishe. Pitisha kidole taratibu kwenye mfupa, upande wa ndani. Maumivu yakiwa yametawanyika sehemu ndefu, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa vimechoshwa. Yakiwa kwenye kijisehemu kimoja tu, na yanauma hata ukiwa umelala, acha kukimbia ukamwone daktari, maana mfupa unaweza kuwa na ufa.

Mimi nilipuuza. Nilikuwa najiandaa na kilomita 21, nikaongeza umbali harakaharaka kwa kuogopa ule mlima wa kuelekea Mweka ulio kwenye njia ya mbio. Wiki mbili kabla ya mbio hata kushuka ngazi ilikuwa shida. Iliniuma sana kukosa mbio hizo.

Safari iliyofuata, dalili zilipoanza tu, nilihamia majini. Ingia kwenye kina ambacho miguu haigusi chini, ufunge boya kiunoni, kisha kimbia humohumo: kifua wima, magoti juu, mikono ikipiga kama uko barabarani. Dakika 2 kwa nguvu, 1 taratibu, mara 8 hadi 10. Pumzi haipotei, na mfupa haupigwi. Asiye na bwawa atumie baiskeli, ila kiti kiwe juu kiasi cha goti kukaribia kunyooka.

Ukirudi barabarani, kimbia dakika 1, tembea 1, kwa dakika 20 tu. Kesho yake usikimbie, hata kama huhisi chochote.