Namna ya kupata katriji ya printa ya leza ya zamani bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Steshenari nyingi bado zinaendeshwa na HP LaserJet 1020 au P1102. Mashine hizi hazifi upesi. Kinachosumbua ni katriji, kasha la wino wa unga, maana dukani utatandaziwa maboksi yanayofanana, kila moja na bei yake.

Hatua ya 1: Jua namba ya katriji. Soma jina kamili la printa pale mbele, kisha toa katriji usome lebo yake. Printa za 1010, 1012, 1015, 1018, 1020 na 1022 zinatumia Q2612A, ambayo madukani inaitwa 12A. P1005 na P1006 zinatumia 35A. P1102, M1132 na M1212nf zinatumia 85A. Lebo ikipingana na printa, amini printa. Katriji zilizojazwa tena hubandikwa lebo yoyote.

Hatua ya 2: Tafuta ndugu zake. Injini za LaserJet hizi hutengenezwa na Canon, ndiyo maana katriji 703 ya Canon LBP2900 (au 303 kwa zilizotoka Asia) inaingia bila shida kwenye 1020. 12A ikiadimika, ulizia hiyo. Tena 12A haina chipu, kwa hiyo printa haiulizi katriji imetoka kiwanda gani. Printa mpya za HP zinaweza kukataa katriji mbadala baada ya kusasishwa. Hapo uzee una faida yake. Ila undugu una mipaka: P2035 inatumia 05A tu, ya kurasa 2,300, wakati 05X ya kurasa 6,500 ni ya P2055.

Hatua ya 3: Gawanya bei kwa kurasa. 12A ya HP yenyewe inahesabiwa kurasa 2,000, na 85A kurasa 1,600, kwa ukurasa uliofunikwa wino asilimia 5 tu. Hiyo ni barua fupi. Mitihani yenye michoro itaimaliza mapema zaidi.

Hatua ya 4: Kagua mbele ya muuzaji. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Katriji mpya ina mkanda wa plastiki unaozuia unga, na kishikio chake kinachomoza ubavuni. Kama haupo, uliza kwa nini. Inua kifuniko taratibu utazame dramu, ule mrija wa kijani au buluu unaong'aa. Usiuguse kwa vidole wala usiuanike kwenye mwanga. Mistari ya kuzunguka mrija ina maana umeshafanya kazi kwingine. Kisha inamisha katriji juu ya karatasi nyeupe: unga ukidondoka, irudishe.

Hatua ya 5: Chapa ukurasa mtupu, wa maandishi, na wenye kipande cheusi tii. Doa likijirudia kila baada ya sentimita 7.5 hivi, shika rula upime, maana huo ndio mzingo wa dramu: katriji irudi dukani. Maandishi yakifutika kwa kidole, mara nyingi tatizo ni fyuza, sehemu inayoyeyushia unga kwenye karatasi, haipati joto la kutosha.

Karatasi ikigoma kuvutwa, katriji haihusiki. Futa roli ya mpira kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikiwa imeshalika na kuwa laini kama kioo, nunua roli pamoja na pedi yake.