Kuchambua matokeo ya mbio za HYROX: dakika zinapotelea wapi

Matokeo ya mbio za HYROX humfikia mwanariadha yakiwa na mistari mingi ya muda, lakini makocha wengi hapa Kampala huyasoma kutokea mwisho: kwanza muda wa jumla, kisha nafasi katika rika, kisha kile kituo ambacho mwanariadha alitoka akihema na kulalamika. Kwa njia hiyo mazoezi ya miezi inayofuata hupangwa kwa kufuata maumivu, ilhali maumivu na muda uliopotea ni vitu viwili tofauti. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyoyachambua matokeo hayo kwa kutumia lahajedwali na video ya simu, na mkazo wake upo kwenye kilomita zinazokimbiwa baada ya kazi nzito, kwa sababu huko ndiko dakika huvuja bila mhusika kuhisi.

Kwa asiyeyafahamu mashindano haya, yaliasisiwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Mshindani hukimbia kilomita 1 mara nane, na kila kilomita hufuatwa na kituo kimoja, kwa mpangilio huu: mashine ya SkiErg (ya kuvuta kamba kwa mikono kama anayeteleza kwenye theluji) mita 1,000, kusukuma sledi (chombo chenye vyuma vizito kinachoburuzwa sakafuni) mita 50, kuvuta sledi mita 50, bapi (burpee, yaani kulala kifudifudi na kuinuka) za kuruka mbele mita 80, mashine ya kupiga makasia mita 1,000, kubeba ketobeli (vyuma vyenye mpini) mbili mita 200, kutembea kwa kupiga goti mita 100 ukiwa na mfuko wa mchanga begani, na mwisho kurusha mpira ukutani mara 100. Mpangilio huo haubadiliki kutoka mji mmoja hadi mwingine, na bila uthabiti huo uchambuzi wote unaofuata usingewezekana.

Hatua ya 1: Kusanya taarifa kabla kumbukumbu hazijapoa

Unahitaji vitu vinne: matokeo rasmi yenye muda wa kila kilomita na kila kituo, video hata kama ni ya vituo viwili tu, rekodi ya mapigo ya moyo, na maelezo ya mwanariadha mwenyewe. Maelezo hayo yachukue kabla hajaona matokeo, kwa sababu akishaona namba ataanza kuzitetea. Baadhi ya ninaowafundisha ni askari, na askari ukimuuliza alichoka wapi atakujibu, "Sijachoka, kocha." Kwa hiyo usimuulize alichoka wapi, muulize alitembea wapi, alisimama wapi, na ni kituo gani alichokifikia huku akitamani kisiwepo.

Umbali na mwendo ulioandikwa na saa ya mkononi usiuamini, kwa kuwa mashindano mengi hufanyika ndani ya kumbi ambamo mawimbi ya setilaiti hayafiki vizuri. Mapigo ya moyo nayo yapimwe kwa mkanda wa kifuani ikiwezekana, maana kihisi cha saa hupotoka pale mkono unapokaza kamba au mpini, na katika mbio hizi mikono hukaza karibu kila mara.

Hatua ya 2: Gawa muda katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni kilomita nane za kukimbia, la pili ni vituo vinane, na la tatu ni Roxzone, yaani eneo la kuingilia na kutokea vituoni, ambalo muda wake huandikwa peke yake. Tuchukue mfano wa mwanamume wa Open, yaani daraja la kawaida, aliyemaliza kwa 1:32:30. Mbio zake zote nane zina jumla ya 45:05, vituo 39:10, na Roxzone 8:15. Kukimbia pekee ni karibu asilimia 49 ya muda wake, vituo asilimia 42, na Roxzone asilimia 9. Asilimia hizo tayari zinatosha kuzuia mpango wa mazoezi ambao siku nne kati ya sita ni za kunyanyua vyuma.

Hatua ya 3: Pima kilomita kwa kutumia kilomita ya pili

Sisi Waganda tuna imani kubwa na miguu yetu, na si bila sababu: nchi iliyomshuhudia Joshua Cheptegei akimaliza mita 10,000 kwa 26:11.00 huko Valencia mwaka 2020 ina haki ya kudhani kwamba kukimbia si tatizo letu. Hata hivyo, kasi ya mtu mwenye miguu mipya haikuambii atakimbiaje baada ya kusukuma sledi ya kilo 152, ambao ndio uzito wa Open kwa wanaume. Mwanariadha wetu wa mfano hukimbia kilomita 10 kwa dakika 48, lakini tazama kilomita zake nane:

4:50, 5:05, 5:50, 6:00, 5:55, 5:35, 5:30, 6:20.

Kilomita ya kwanza iweke kando. Imekimbiwa kwa shangwe za kuanza, sekunde mbili tu nyuma ya mwendo wake wa kilomita 10, jambo lisilo la busara kwa mtu mwenye kazi ya saa moja na nusu mbele yake. Kipimo kizuri ni kilomita ya pili, kwa sababu inakuja baada ya SkiErg, ambayo huchosha mikono na pumzi zaidi kuliko miguu. Toa 5:05 katika kila kilomita inayofuata, utapata hasara ya sekunde 45, 55, 50, 30, 25 na 75. Jumla yake ni sekunde 280, yaani 4:40. Si zote zinazoweza kurudishwa, lakini sasa unajua zilipo: kilomita tatu zinazofuatana baada ya sledi mbili na bapi, na kilomita ya mwisho baada ya mfuko wa mchanga.

Hapo usikimbilie kuamua kwamba miguu ni dhaifu. Kilomita moja mara nyingi ni mizunguko kadhaa ya ukumbi, kwa hiyo ukiwa na video, au msaidizi mwenye saa ya kusimamisha, unaweza kupima kila mzunguko. Kama mzunguko wa kwanza baada ya sledi ni wa kujikokota na inayofuata inarudi katika mwendo wa kawaida, basi mtu huyo ana pumzi ya kutosha. Tatizo lake ni namna alivyoisukuma sledi, pengine kwa hatua ndefu na mikono iliyokunjwa, hadi mapaja yakajaa. Kama mizunguko yote ni mizito kwa kiwango kilekile, angalia mapigo ya moyo. Yakiwa juu kuliko ya kilomita ya pili, alitumia nguvu nyingi mno kituoni kwa ajili ya kuokoa sekunde chache. Yakiwa sawa au chini huku mwendo umeporomoka, ni miguu iliyokataa wakati moyo bado una akiba, na huyo ndiye hasa anayehitaji kuzoezwa kukimbia akiwa amechoka.

Hatua ya 4: Katika vituo, tenganisha kazi na pumziko

Vituo vya mashine havina siri kubwa. Makasia ya 4:55 kwa mita 1,000 ni 2:27.5 kwa kila mita 500, na ukilinganisha na anachofanya mazoezini utaona kama alijizuia au alizidisha. Ketobeli nazo humalizika haraka. Swali ni moja tu, kama aliziweka chini na mara ngapi.

Kituo kinacholipa uchambuzi wa makini ni mpira wa ukutani. Wetu alitumia 7:30, sawa na sekunde 450, na yeye mwenyewe alisema mabega ndiyo yaliyomwangusha. Fungua video uhesabu. Kuchuchumaa, kurusha na kudaka mara moja kulimchukua sekunde 2.5, na kasi hiyo haikubadilika sana hata mwishoni. Mara 100 ni sekunde 250. Sekunde 200 zilizobaki, ambazo ni 3:20, alikuwa amesimama na mpira chini, akifuta jasho na kuangalia ubao wa kuhesabia. Alipumzika mara 14, kwa wastani wa sekunde 14 hivi. Mabega yaliyoshindwa yangeonekana katika mirusho inayopungua kasi au isiyofika kwenye alama. Mirusho yake ilikuwa inafika. Dawa yake ni mpango wa kugawa, kwa mfano seti za mirusho 10 na pumziko la sekunde 8 linalohesabiwa kwa sauti. Hapo pumziko ni mara tisa, jumla sekunde 72, na zaidi ya dakika mbili zimerudi bila kuongeza nguvu hata kidogo.

Kwa sledi fanya vivyo hivyo. Mita 50 ni njia ya mita 12.5 mara nne, basi pima kila njia peke yake na uone sledi iliposimama.

Hatua ya 5: Roxzone

Hapa hapana mengi. Ukiona 8:15, mtazame anavyoingia na kutoka: je, alitembea, alitafuta njia, alikunywa maji akiwa amesimama? Kutembea kidogo kabla ya sledi naweza kukubali. Kutembea baada ya kutoka kwenye makasia sikubali.

Hatua ya 6: Zingatia mahali

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Johannesburg karibu mita 1,750, na Cape Town iko pwani. Muda wa kukimbia wa miji hiyo miwili ya Afrika Kusini usiulinganishe moja kwa moja, wala usimsifu mtu aliyeboreka Cape Town kabla ya kukumbuka kwamba hewa ya huko ni nzito zaidi. Zulia la sledi nalo hutofautiana. Lililo jipya hushika kuliko lililolainika. Ndiyo maana hasara inayopimwa kwa kilomita ya pili ya siku ileile ni ya kuaminika kuliko muda mtupu.

Hatua ya 7: Chagua mambo mawili, kisha yapime upya

Kwa mfano wetu ningechagua kilomita za baada ya sledi na pumziko la mpira wa ukutani, mengine yasubiri. Kipimo cha kilomita ni rahisi hata pasipo sledi rasmi: akimbie kilomita 1 kwa mwendo wa 5:05, avute tairi la lori lililowekwa mawe kwa mita 50 juu ya nyasi, kisha akimbie kilomita nyingine, na arudie mara tatu. Andika tofauti kati ya kilomita ya kabla na ya baada. Uwanja uwe uleule, mzigo uleule, na saa ileile ya asubuhi, tena usipime siku inayofuata mvua kubwa, kwa sababu nyasi zilizolowa hupunguza msuguano wa tairi. Rudia kila baada ya wiki tatu. Tofauti ikishuka kutoka sekunde 45 hadi 30, mazoezi yanafanya kazi, hata kama kilomita yake ya kwanza haijaongezeka kasi.