Tuanzie Jikoni: Namna ya Kuizoesha Nyumba Maisha Yasiyoharibu Mazingira

Watu wengi wanaoamua kuishi kwa kuyajali mazingira huanza kwa kishindo. Jumamosi moja hununua ndoo tatu za rangi tofauti, taa za sola, miche kumi ya miti na vikapu vipya, na mwezi wa pili ukiisha ndoo zimegeuka za kufulia, nusu ya miche imekauka na gunia la mkaa linateremshwa mlangoni kama zamani. Sidhani kwamba tatizo ni uvivu. Tatizo ni kutaka kubadilisha tabia kumi kwa siku moja katika nyumba yenye watu sita, na watano kati yao hawakuulizwa. Njia ninayoieleza hapa ni ya polepole, tumeifuata katika nyumba ya kawaida jijini Dar es Salaam, na kanuni yake ni moja tu: badilisha jambo moja, liache hadi lizoeleke kiasi kwamba hakuna anayehitaji kukumbushwa, kisha ndipo uongeze la pili. Kwetu kila jambo lilichukua kati ya wiki nne na miezi mitatu.

Kabla ya kununua chochote, zitazame taka zako kwa wiki moja. Tafuta ndoo mbili kuukuu. Moja iwe ya vitu vinavyooza, kama vile maganda, mabaki ya chakula na majani ya chai, na nyingine iwe ya vitu vingine vyote. Usimkaripie mtu kwa alichokitupa, kwa kuwa wiki hiyo ni ya kuangalia tu. Bandika karatasi jikoni na uandike ndoo ipi imejaa na siku gani, pamoja na kiasi cha mkaa, gesi, umeme na maji kilichonunuliwa. Kwetu ndoo ya maganda ilijaa mara tatu kabla ile nyingine haijajaa mara moja, jambo lililonishangaza, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kupambana na plastiki ilhali mzigo wetu mkubwa ulikuwa maganda ya ndizi, viazi na machungwa. Itunze karatasi hiyo, kwa sababu utaihitaji tena baadaye.

Jambo jepesi la kuanzia ni mfuko wa sokoni, maana sheria imekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo mfuko wa rambo ulianza kutoweka madukani. Nafasi yake ilichukuliwa na ile mifuko ya rangi inayoshikika kama kitambaa, ambayo wengi huidhania kuwa ya pamba ilhali imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Ubora wake ni kudumu, na ubora huo hauna maana iwapo kila siku unanunua mwingine kwa sababu wa jana umeusahau nyumbani. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mfuko bora zaidi; tafuta msumari. Upigilie karibu na mlango unaotokea, utundike kikapu cha ukili, na ndani yake weka mfuko mmoja uliokunjwa, kopo lenye mfuniko kwa ajili ya samaki au nyama, na chupa ya kununulia mafuta ya kupima. Mafuta ya kupima ni desturi ambayo baadhi yetu tunaionea haya, kana kwamba ni alama ya umaskini, lakini chupa moja inayokwenda na kurudi dukani mwaka mzima huondoa vipakiti vingi ambavyo havina mnunuzi wa chakavu na ambavyo mwishowe huziba mifereji ya maji ya mvua.

Kikapu kikishazoeleka, nenda kwenye maganda. Taka za jikoni zikipelekwa jalalani, kwa mfano kule Pugu Kinyamwezi, hufukiwa chini ya taka nyingine na kuoza bila hewa, na uozo wa namna hiyo hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia kupita hewa ya ukaa kwa kiwango kikubwa. Maganda hayo hayo yakiozeshwa penye hewa huwa mboji. Huhitaji shamba, ndoo ya lita 20 inatosha kuanzia, na baadaye unaweza kuwa na mbili, moja inajazwa huku nyingine inaiva.

Toboa matundu chini na ubavuni mwa ndoo, iinue juu ya matofali mawili, na utandaze majani makavu kwa kina cha kiganja. Kila unapomwaga kopo moja la maganda, funika kwa makopo mawili au matatu ya vitu vikavu: majani yaliyofagiliwa uani, katoni iliyochanwachanwa, au maranda kutoka kwa fundi seremala, ilimradi mbao zenyewe hazikutiwa dawa. Usiweke nyama, samaki wala chakula chenye mafuta mengi, kwa kuwa hivyo huita panya. Geuza kwa kijiti mara moja kwa wiki, na upime unyevu kwa mkono: chukua konzi ya mboji uiminye, na iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, chenye unyevu lakini kisichochuruzika. Kwa joto la Pwani mboji huwa tayari baada ya miezi miwili au mitatu, ambapo huwa nyeusi, hubomoka mkononi na hunuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza.

Ndoo yangu ya kwanza haikunuka hivyo. Niliogopa nzi, nikaifunga kwa mfuniko bila kutoboa hata tundu moja, nikajaza maganda matupu, na siku ya tisa nilipoifungua nikakuta uji wa kijani unaotambaa funza. Jirani aliniita ukutani kwa upole unaotisha akaniuliza, "Baba Neema, kwenu kuna kitu kimekufa?" Tiba yake ilikuwa rahisi kuliko aibu yake: nilitoboa matundu, nikachanganya vikapu viwili vya maranda, na katika siku nne harufu ikakatika. Mboji ikinuka, maana yake imelowa au imekosa hewa. Ongeza vikavu uigeuze. Ikikaa wiki tatu bila kubadilika, imekauka. Nyunyizia maji yaliyooshewa mchele.

Sasa tuje kwenye moto, ambako ndiko kwenye uzito wa jambo lenyewe, na ndiko ninakoshauri usikimbilie. Mkaa wa Dar es Salaam hutoka katika misitu ya mikoa kama Pwani, Morogoro na Lindi, na katika tanuri la kawaida la udongo kilo moja ya mkaa huhitaji kuni zipatazo kilo sita hadi kumi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Hata hivyo, mkaa una sifa ambayo wahamasishaji huisahau: unanunulika kwa kopo, kwa fedha ya siku ile ile, ilhali mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mpigo. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye mtungi bado zina jiko la mkaa, na gesi huwa ya chai na mayai huku maharage yakipelekwa kwenye mkaa.

Basi anza na chakula kinachokula mkaa mwingi, wala usianze na jiko. Hatua ya kwanza haina gharama: loweka maharage, choroko au makande usiku kucha, uyamwage maji hayo asubuhi, kisha upike kwa maji mapya na sufuria iliyofunikwa. Muda wa kupika hupungua waziwazi. Hatua ya pili, kwa asiye na uwezo wa kuacha mkaa mwaka huu, ni jiko banifu, ambalo ukuta wake wa udongo huzuia joto lisipotee. Ukiuziwa "mkaa mbadala", uliza umetengenezwa kwa kitu gani, kwa maana jina hilo hubeba vifuu na pumba pamoja na makaa ya mawe, na hivyo si vitu vya aina moja. Lolote utakaloliwasha, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya tatu ni jiko la presha la umeme, na hapa nitakuwa mkweli kwamba niliingia kwa shaka, kwa kuwa kwetu umeme na kupika vilikuwa vitu vya hotelini. Nilichofanya ni kuisoma mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kabla ya kuwasha na kuisoma tena baada ya kuzima. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haikumaliza hata nusu uniti, kwa sababu jiko lenyewe limezungushiwa kizuizi cha joto na hujikata likishafikia presha. Pima vivyo hivyo nyumbani kwako kabla ya kumwamini muuzaji, au kuniamini mimi. Angalia pia upo katika kundi gani la wateja, maana wale wa matumizi madogo hupata bei nafuu mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi, na nyumba iliyo ukingoni mwa kiwango hicho inaweza kuvushwa na jiko hilo. Gesi ya mtungi nayo hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia na hatuwezi kuiita safi kabisa, lakini haikati mti wala haimjazi mpishi moshi kifuani. Unapoinunua, dai mtungi upimwe kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake, na ukiutoa katika jumla ubaki na kilo ulizozilipia.

Mama yangu alipokuja kututembelea alilitazama jiko hilo kwa muda, akasema, "Mwanangu, maharage ya umeme hayana ladha." Nikamjibu, "Onja kwanza, mama." Tulikuwa tumeyaunga kwa nazi na kitunguu kwenye sufuria nyingine, kama yeye afanyavyo. Alikula, akasema chumvi imepungua, na la ladha hakulitaja tena. Nalieleza hili kwa sababu katika nyumba zetu mwenye jiko ndiye mwenye uamuzi, na mabadiliko yanayotangazwa sebuleni na mtu asiyepika hayafiki mbali. Anayepika, awe mke, mama, binti wa kazi au wewe mwenyewe, achague chakula cha kwanza cha kujaribia, na ruhusa ya kurudi kwenye mkaa ibaki wazi.

Maji yana hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili, hivyo paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 huteremsha lita 1,000, yaani simtanki dogo zima, katika alasiri moja ya masika. Si lazima uanze na tanki. Anza na mfereji mmoja upande mmoja wa paa na pipa lenye mfuniko na wavu wa kuzuia mbu, na uyaache maji ya dakika za mwanzo yapite, kwani ndiyo yanayoosha vumbi na mavi ya ndege. Yatumie kufulia, kudekia na kumwagilia. Kuoga kwa ndoo na kopo, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliacha, hushinda bomba la mvua linaloachwa wazi.

Kuhusu nguo na usafiri sina mengi ya kusema. Nguo iliyopelekwa kwa fundi cherehani ni nguo moja isiyonunuliwa, na mwenye gari anaweza kuanza kwa kuliacha siku moja kwa wiki apande basi la mwendokasi au daladala, huku safari ya Morogoro au Dodoma akiifanya kwa treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024. Miti ipande mwanzoni mwa mvua, si wakati wa sherehe, na usipande mingi kuliko ndoo za maji utakazoweza kuibebea wakati wa kiangazi.

Baada ya miezi sita, ichukue ile karatasi ya jikoni na uirudie wiki ya kutazama kwa ndoo zile zile mbili. Kwetu ndoo ya maganda ilikuwa karibu tupu, kwa kuwa yote yalikuwa yamekwenda kwenye mboji na mboji kwenye mchicha uliopandwa katika viroba. Ndoo ya pili ilikuwa haijapungua sana, na tulipoimwaga uani tukakuta karibu yote ni chupa za maji ya kunywa. Hapo tukaanza jambo jipya: mtungi wa udongo wenye bomba kwa ajili ya maji yaliyochemshwa, na kila mtu chupa yake ya chuma ya kutokea nayo asubuhi. Tuna wiki ya tano sasa, na mtoto wa mwisho amekwisha kupoteza mbili.